Minara Miwili si Mkunazini

Mimi ni Mwislamu wa Mji Mkongwe, na kwa kujitolea naandikia kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni. Zaidi naandika historia ya Kanisa Katoliki, nikichanganya na mimea, majahazi na taarabu. Barazani husikia mengi yasiyo sahihi, na haya ndiyo yanayorudi kila mara.

"Minara Miwili imejengwa juu ya soko la watumwa."

Hili huniuma, maana wageni huambiwa hivyo na kwenda nalo makwao. Kanisa lililosimama penye soko la watumwa ni la Kianglikana, mtaa wa Mkunazini. Soko lilifungwa 1873, wakati wa Sultan Barghash, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Ndani mna msalaba wa mbao ya mti wa Chitambo, Zambia, ule uliozikiwa moyo wa mvumbuzi David Livingstone chini yake. Minara Miwili ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, kazi ya mapadri wa Kifaransa, lililokamilika 1898. Ukiwa chomboni unaingia bandarini, minara yake unaiona waziwazi. Ukishuka ukaingia vichochoroni, inakupotea mpaka uibukie mlangoni. Mkunazini mnara ni mmoja.

"Ukatoliki ulitoka bara ukaja visiwani."

Kinyume chake. Padri Armand Fava na wenzake walifika Unguja Desemba 1860, wakitokea kisiwa cha Réunion. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, ikiwa tawi la hii ya Unguja. Tena Jimbo Kuu la Nairobi ndiyo ileile Vikarieti ya Kitume ya Zanzibar (eneo la Kanisa ambalo bado halijawa jimbo), iliyopandishwa hadhi na kubadilishwa jina mwaka 1953! Zanzibar yenyewe ilikuja kuwa jimbo 1980. Na kabla ya hao wote walikuwapo Wareno: Ngome Kongwe ya Forodhani Waomani waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno hao.

"Wakatoliki wa hapa ni watu wa bara tu."

Wamesahauliwa Wagoa, Wakatoliki wenye asili ya Goa huko India: mafundi cherehani, waokaji mikate na wapiga muziki wa bendi ya Sultani. Wamesahauliwa pia waliokombolewa utumwani wakalelewa misheni.

"Anayeandika habari za Kanisa anahubiri."

Siandiki kwamba muujiza ulitokea. Naandika kwamba Wakatoliki wanaamini ulitokea, na nataja chanzo. Maulidi nayo nayaandika kwa kipimo hicho hicho.

"Mtu anayeshika mambo mengi hana analolijua."

Hapa jibu langu ni Padri Charles Sacleux. Nilianza na makala ya maisha yake tu: Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo. Ikanibidi nisome kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka kuanzia 1939, pamoja na sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ya 1909. Nikafika kwenye lugha ya bibi yangu. Kumbe padri huyu alikusanya na mimea, hata jenasi (kundi la spishi za jamaa) moja ya mimea ya Afrika Mashariki ikaitwa Sacleuxia kwa heshima yake. Makala ya padri niliimaliza zamani. Ya mmea wake bado naiandika, na kila jioni naongeza mstari.