Nanga ya ardhini: kufika mzigo si kufaulu

"Imeshika, injinia, tufunge twende." Wiki hii tena nimeambiwa hivyo, jeki ikiwa bado na presha. Naomba tuelewane. Nanga hii ni nyaya za chuma zinazopita ukutani na kuzama kwenye shimo refu ardhini ili kuuzuia ukuta; mwisho wake wa ndani hushikwa na rojo la saruji (sehemu ya kushika), na jeki huzivuta kutoka nje.

Dhana: nanga ikifika mzigo wa jaribio bila kuchomoka, imefaulu.

Geji ya presha inakuambia mzigo ni kiasi gani, haikuambii umeshikwa wapi. Rojo la saruji likipanda na kuzibana nyaya kwenye sehemu huru, yaani ile ya karibu na ukuta inayotakiwa kuvutika bila kushikwa, nanga itashikwa karibu na ukuta, ndani ya udongo uleule tunaoogopa utaporomoka. Udongo ukiondoka, nanga inaondoka nao. Kinachofichua hilo ni urefukaji. Chukua nyaya 4 za milimita 15.2, sehemu huru mita 10. Mzigo ukiongezeka kilonewtoni 600, chuma kirefuke takriban milimita 55. Mzigo ukishushwa, mwendo unaorudi usipungue asilimia 80 ya hapo, yaani milimita 44. Ukipata 30, basi zinazovutika ni mita 5 na nusu tu. Presha ilikuwa safi kabisa, na nanga haifai.

Halafu subira. Kwa utaratibu wa Marekani, nanga ya kudumu hupimwa kwa mara 1.33 ya mzigo wa usanifu, na mzigo huo unashikiliwa dakika 10. Mwendo kati ya dakika ya 1 na ya 10 ukizidi milimita 1, mnaendelea hadi dakika 60, na kati ya dakika ya 6 na ya 60 usizidi milimita 2. Udongo wa mfinyanzi hutambaa polepole. Anayefunga dakika ya tatu hajapima chochote.

"Tupime chache tu." Hapana. Kila nanga ya kazi hupimwa, kwa sababu kila shimo lina udongo wake.

"Geji ya mwendo tuifunge ukutani." Ukuta huohuo jeki inausukuma! Simamisha geji kwenye tripodi yake, mbali na ukuta.

"Tukirefusha sehemu ya kushika mara mbili, nguvu nayo mara mbili." Haiwi hivyo. Mzigo hubebwa kwanza na mwanzo wa sehemu hiyo. Pale mshiko unapoachia ndipo mzigo unasogea ndani. Mita za mwisho huongeza kidogo sana.

Chora grafu ya mzigo na mwendo palepale, penseli mkononi, jeki ikiwa bado imefungwa. Ukiichorea ofisini jioni, nyaya zimeshakatwa na jeki haina tena pa kushika.