Mtoto Anayelia Mpaka Anakata Pumzi

"Daktari, huyu hanyimwi kitu. Akikasirika anakata pumzi, atatufia." Maneno haya nayasikia kliniki kila mara, na nimeyachoka, kwa sababu mtoto anaishia kulelewa kwa hofu.

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili akinyang'anywa kisu au simu, hulia akatoa pumzi yote, kisha havuti nyingine. Midomo inakuwa ya bluu, analegea, pengine anazimia na kukakamaa kidogo. Hafanyi kusudi. Akishazimia, mwili wenyewe huanza kuvuta hewa, kwa kawaida kabla dakika moja haijaisha. Takriban mtoto 1 kati ya 20 hupata hali hii, na wengi huwa wameiacha wakifika miaka 6.

Mlaze ubavu, ondoa vya kumwumiza, msubiri. Usimtikise, usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni. Akizinduka mkumbatie, lakini kisu hakirudi mkononi mwake. Hapo ndipo ninapogombana na bibi zetu: wanampa ili anyamaze, na kesho analia zaidi.

Kisha mkampime damu. Upungufu wa madini ya chuma huchochea sana hali hii, na watoto wengi hupata nafuu wakipewa dawa ya kuongeza damu kwa kipimo cha daktari. Na chai, jamani! Mtoto mdogo chai ya nini? Inazuia chuma ya kwenye chakula isiingie mwilini. Mpeni maini, dagaa, maharage, na kipande cha chungwa juu yake.

Wengine huniambia: "Ni kifafa", au "ni mapepo". Kifafa hakisubiri mtoto anyimwe kitu; kukata pumzi hutanguliwa na kilio, maumivu au kushtuka. Ila akizimia bila kulia, akiwa usingizini au akikimbia, au hali ikipita dakika moja, au hajatimiza miezi 6, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

"Mchape, ataacha." Fimbo inaongeza kilio, na kilio ndicho kinachomkata pumzi.

"Amedekezwa." Kulia kwa hasira na kujigaragaza chini kati ya mwaka 1 na 4 ni kawaida, maneno ya kusema anachotaka bado hana. Mara nyingi ana njaa au usingizi. Mlishe kabla ya kwenda naye sokoni.