Muhuri wa peni tisa si kovu

Marehemu mjomba alikuwa baharia. Katika sanduku lake la mbao, hapa Malindi, tulikuta vitabu vya katuni vya Kimarekani alivyovinunua kwenye bandari za Uingereza. Binamu yangu hakuchelewa: vyenye muhuri huku, visivyo na muhuri kule. "Hivi vishaharibika," akasema.

Ati muhuri umeharibu! Ule muhuri wa zambarau wenye 9d, yaani peni tisa, uligongwa na msambazaji. Vitabu vya DC, kampuni ya katuni ya Marekani, vya miaka ya 1960 vilichapwa bei ya senti za Marekani, basi Thorpe & Porter waliokuwa wakiviingiza Uingereza wakavigonga bei ya peni juu ya jalada. Na zile tarehe za penseli au muhuri mdogo ni za wenye maduka, walioandika kitabu kimefika lini. Wapima ubora huwa hawazikazii macho alama hizi zikiwa ndogo na safi. Kwa kipimo cha CGC, kampuni ya Florida inayotoa madaraja kuanzia 0.5 hadi 10, kitabu chenye tarehe ndogo ya duka kinaweza kupata hata 9.4. Muhuri uliochuruzika usoni mwa shujaa, au jina la mtoto kwa kalamu ya wino, hayo ni mengine.

Wengine hudhani kistari cha mgongoni hakina neno kwa sababu hakionekani. Shika kitabu dirishani, ukilaze mwanga uje ubavuni. Utaona vistari vifupi karibu na pini. Kimoja ni bonde tu, rangi ingali nzima. Hicho mashine ya joto inaweza kukilaza, na CGC hawahesabu kule kukandamiza kuwa ni ukarabati. Cha pili kina uzi mweupe, yaani rangi imepasuka na karatasi inachungulia. Hicho hakilaziki, na vikiwa vichache tu vinatosha kukuangusha kutoka 9.8.

Hapo ndipo watu hujiponza. Mimi mwenyewe nilichukua maka peni nyeusi nikaupaka uzi mweupe, nikajiona fundi. Nilipogeuza jalada, wino ulikuwa umepenya hadi upande wa ndani, doa jeusi kama punje ya pilipili manga. Kwa wapima ubora huo ni ukarabati, na kitabu kwa kawaida hupewa lebo ya zambarau, ambayo wanunuzi huikimbia. Ningeuacha mweupe ningepoteza kidogo tu.

Saini nayo haipandishi daraja. Isiyothibitishwa huhesabiwa maandishi tu, hata awe ameitia mchoraji mwenyewe.

Juzi tulilirudia lile fungu la binamu, la visivyo na muhuri. Lilikuwa limekaa chini kabisa, upande wa ukuta unaotoka jasho kila masika. Majalada yanang'aa, lakini pini zote zimeota kutu, na kutu imeanza kula karatasi.