Jua na pete za dizeli

Dizeli ikimwagika pale bandarini Malindi, Unguja, hakosi mtu wa kusema: "Iache, jua litaimaliza." Mie kazi yangu ni kemia ya maji, na swali langu huwa hilo hilo: litamaliza kipi?

Dizeli si kitu kimoja. Ndani yake mna viambata vya aromatiki, yaani molekuli zenye pete za kaboni sita sita, na mwanga hauivunji molekuli isiyounyonya. Mwanga hupimwa kwa urefu wa mawimbi yake, na wa jua unaotufikia huanzia kama nanomita 290 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita); mfupi zaidi ya hapo umeshazuiwa na gesi ya ozoni huko juu angani. Benzini, yenye pete moja, hunyonya kwenye nanomita 255 hivi, kwa hiyo hata jua la utosini haliipati. Huondoka kwa kuvukiza, basi. Naftalini ya pete mbili, ile ya vidonge vya kabatini, hunyonya kidogo. Antrasini ya pete tatu hunyonya hadi karibu nanomita 380, na hapo jua lina nguvu. Kwa jua la kiangazi kwenye latitudo 40, antrasini iliyo karibu na uso wa maji hukadiriwa kupungua nusu kabla ya saa moja kwisha. Naftalini huchukua kama saa 70. Sisi Unguja tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua letu si haba.

Lakini hayo ni maji maangavu. Nenda ghuba ya Chwaka maji yakipwa, uchote kwenye mkondo wa mikokoni: rangi yake kama chai kavu. Rangi hiyo ya majani yaliyooza hunyonya urujuanimno, yaani ule mwanga wa jua wa mawimbi mafupi usioonekana kwa macho, ukabaki mchache wa kushuka chini. Ajabu yake, ikishapigwa na mwanga huiamsha oksijeni iliyomo majini ikawa kali, nayo huzishambulia pete. Juu inasaidia, chini inazuia.

Halafu kuvunjika si kutoweka. Antrasini hugeuka antrakinoni, nayo hudumu kuliko mama yake. Baya zaidi, pete hizi zikiingia mwilini mwa vitoto vya samaki, ambavyo mwanga huvipenya, jua huziamsha humo humo ndani zikaharibu seli. Mimi nahofia zaidi maji maangavu ya miambani, huko huko ambako jua linafanya kazi haraka.

Manahodha huniuliza wafanyeje. Ifuteni dizeli kwa matambara ingali ndani ya ngama, pale chini chomboni maji yanapokusanyika, kabla hamjayafua maji hayo kuyamwaga nje. Sabuni msitie: huikatakata ikawa matone madogo yanayosambaa chini, jua lisikofika.