Kaua au hakuua? Namna ya kuipima hukumu ya mauaji inayobishaniwa

Kesi ya mauaji iliyoisha zamani ikirudi tu midomoni mwa watu, kila mtu anachukua upande siku hiyohiyo, huyu anasema jamaa kaonewa, yule anasema muuaji tu huyo anatafuta huruma, na ukiuliza umejuaje unaambiwa "mbona alikiri mwenyewe?" au "mahakama si ilishasema?" au "we mwangalie tu usoni". Kwenye taasisi yetu maswali ya aina hii yanaletwa kila mara, na mimi kama mtu ninayefundisha ushahidi wa jinai naomba leo tuliongelee taratibu, maana kuna mtu kauawa na kuna mtu yuko jela kwa ajili yake, na wote wawili wana ndugu wanaosubiri ukweli.

Kitu ninachowasisitizia wanafunzi kila mwaka ni hiki: usianze na "namwamini au simwamini", anza na kila ushahidi peke yake, uulize je huu ukisimama bila wenzake unasimama? Kesi nyingi zinazobishaniwa zinaonekana zina ushahidi mwingi sana, ukizisoma haraka unasema huyu hachomoki, lakini ukikaa nazo unagundua ushahidi umeegemeana kama miti ya kibanda, shahidi amekubalika kwa sababu mtuhumiwa alikiri, kukiri kumekubalika kwa sababu kuna nguo, nguo zimekubalika kwa sababu shahidi kasema, ukivuta mti mmoja yote iko chini.

Chukua kesi ya Iwao Hakamata wa Japani, na nitakaa nayo muda maana ina kila kitu ndani. Huyu alikuwa bondia wa ngumi za kulipwa, akaacha, akawa anafanya kazi kwenye kiwanda cha miso, ile soya iliyochachushwa, huko mkoa wa Shizuoka. Juni 30, 1966 nyumba ya mmoja wa mabosi wa kiwanda iliungua na ndani wakakutwa baba, mama na watoto wao 2 wamechomwa visu. Hakamata akakamatwa Agosti, akahojiwa karibu siku 20 mfululizo, saa nyingi kila siku, wakili hayupo chumbani, mwezi wa 9 akakiri. Alipofika mahakamani akakana, akasema alipigwa na kutishwa. Mwaka 1968 akahukumiwa kunyongwa.

Sasa angalia ushahidi wenyewe. Mwanzoni ilidaiwa aliua akiwa amevaa pajama, na kukiri kwake kunasema hivyohivyo, pajama. Halafu kesi ikiwa inaendelea, Agosti 1967, mwaka mmoja na miezi 2 baada ya tukio, zikaibuka nguo 5 zenye damu ndani ya tangi la miso palepale kiwandani, na upande wa mashtaka ukabadilisha maelezo ukasema basi hizi ndio alizovaa. Suruali ilipokuja kujaribiwa ikagoma kupanda mapajani, wakasema imesinyaa na mwenyewe kanenepa. Majaji nao walikuwa wameshayatupa maelezo 44 ya kukiri kati ya 45 yaliyoandikwa, wakabaki na moja tu, na kwa hilo moja pamoja na zile nguo mtu akahukumiwa kifo.

Mtu akisoma haraka anahesabu vitu viwili vinavyomlemea Hakamata, kukiri na nguo, kumbe ukiviweka pembeni kila kimoja unaona vinapingana vyenyewe kwa vyenyewe! Kama alikiri kweli kwa kujua alichofanya, angetaja nguo alizovua na mahali alipozificha, asingetaja pajama. Na kama nguo za kwenye tangi ndio za kweli basi alichokiri si kweli. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili, lakini kwenye hukumu vilijumlishwa kana kwamba kimoja kinakiongezea kingine nguvu. Hili ndilo kosa ninalotaka watu wajifunze kuliona, na halihitaji digrii ya sheria, linahitaji uvumilivu wa kusoma.

Kilichokuja kuivunja kesi ni rangi ya damu. Kwenye picha za rangi za zile nguo madoa yanaonekana bado mekundu, upande wa utetezi ukafanya majaribio ya kuloweka nguo zenye damu kwenye miso ikaonekana damu inageuka rangi na wekundu unapotea, sasa iweje zikae zaidi ya mwaka na zibaki nyekundu? Mwaka 2014 mahakama ikaamuru kesi irudiwe na ikamtoa jela, mwaka 2018 mahakama ya juu yake ikatengua, mwaka 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ikairudisha ikisema swali la rangi halijajibiwa, na Septemba 26, 2024 akaachiwa huru rasmi akiwa na miaka 88. Mahakama ilisema wazi kwamba nguo zile zilitengenezwa na wapelelezi, na kipande cha kitambaa kilichodaiwa kukutwa kwao, kwa wazazi wake, nacho hivyohivyo, na kukiri kulipatikana kwa kumtesa mwili na akili. Dada yake Hideko alikuwa amempigania muda wote huo, mwenyewe akiwa ameshafika miaka 91.

Kwa hiyo "mbona alikiri" haitoshi. Watu wanakiri vitu ambavyo hawakufanya, hasa wakiwa wamechoka, wamenyimwa usingizi, au wameambiwa kukiri ndio njia ya kwenda nyumbani. Swali la kuuliza ni je, kukiri kulileta kitu ambacho polisi walikuwa hawakijui? Mtu akisema kisu nimekitupa kisima fulani, polisi wakaenda wakakikuta, hapo kukiri kumebeba uzito wake wenyewe. Lakini kama kila anachosema polisi walikuwa wameshakijua, au kinabadilika kila mara upelelezi unapobadilika, basi tunachosikia inawezekana ni sauti ya aliyekuwa anauliza maswali.

Mashahidi walioona kwa macho nao wanapimwa vilevile. Kirk Bloodsworth wa Maryland, Marekani, alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumuua mtoto wa miaka 9, na mashahidi 5 walisema wamemuona. Watano! Nani angebisha? Ila fuatilia alivyoingia kwenye kesi: polisi walitangaza mchoro uliotokana na maelezo ya mashahidi, mtu akapiga simu akasema mchoro unafanana na Bloodsworth, akakamatwa, halafu mashahidi wakasema ndio huyu. Yaani alichaguliwa kwa sababu anafanana na maelezo, kisha kufanana kwake kukageuzwa kuwa ushahidi, hapo umezunguka mti uleule mara mbili ukadhani umeona miti miwili. Mwaka 1993 DNA ilionyesha mbegu za kiume zilizokutwa kwenye nguo ya marehemu si zake, akatoka, na mwaka 2003 ndipo DNA ileile ikamtambua mwanaume mwingine ambaye walishawahi kuwa jela moja. Kwa hiyo ukisikia mashahidi wengi usihesabu vichwa, uliza kila mmoja alimtambuaje kwa mara ya kwanza, gwaride la utambulisho lilifanywaje, na kama kabla ya hapo alishaonyeshwa picha au ameiona kwenye TV.

Namba pia zinadanganya, tena zinadanganya vibaya kwa sababu watu wanaziogopa. Sally Clark wa Uingereza alifungwa mwaka 1999 kwa kudaiwa kuwaua watoto wake wachanga wawili, na daktari bingwa aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya watoto kwenye familia kama ile ni 1 kwa milioni 73. Ilipatikanaje? Alichukua 1 kwa 8,543 akaizidisha kwa yenyewe, kana kwamba kifo cha mtoto wa kwanza hakihusiani kabisa na cha wa pili, wakati watoto hao wana damu moja na wanalala nyumba moja, kama kuna tatizo la kurithi linaweza kuwagusa wote. Na hata namba ingekuwa sahihi bado haijibu swali, maana mama kuwaua watoto wake wawili mmoja baada ya mwingine nalo ni jambo la nadra sana, unatakiwa ulinganishe nadra na nadra, huwezi kuangalia upande mmoja tu. Hukumu ilifutwa Januari 2003, baada pia ya kujulikana kuna majibu ya maabara ya mtoto wa pili ambayo utetezi haukuwahi kupewa.

Kuhusu sura na tabia nitasema kifupi. Lindy Chamberlain wa Australia alifungwa mwaka 1982 kwa kifo cha mtoto wake mchanga, na watu wengi walishamhukumu kwa sababu tu hakulia kwenye TV walivyotegemea. Kile kilichoitwa damu ya mtoto kwenye gari lao kilikuja kuonekana ni kemikali inayopuliziwa kiwandani ya kupunguza kelele, koti la mtoto likapatikana mwaka 1986 karibu na mapango ya mbwa mwitu wa kule, na mwaka 2012 ikathibitishwa rasmi kwamba mbwa mwitu ndiye alimchukua. Machozi si kielelezo, tafadhali.

Lakini hapa naomba wale wanaoamini kila mfungwa kaonewa nao wanisikilize, maana kipimo hiki kinakata pande zote. Roger Keith Coleman alinyongwa? Hapana, aliuawa kwa kiti cha umeme huko Virginia, Marekani, Mei 1992, kwa kumbaka na kumuua shemeji yake mwaka 1981. Alikataa mpaka dakika ya mwisho, alijieleza vizuri, alikuwa mtulivu, na watu makini kabisa, sio wa mitaani, walishawishika kwamba hana hatia na wakapigania sampuli zipimwe upya hata baada ya yeye kufa. Januari 2006 majibu yakatoka: DNA ni yake. Mmoja wa waliompigania kwa miaka mingi, Jim McCloskey, alikubali matokeo hadharani, na mimi namheshimu sana kwa hilo. James Hanratty wa Uingereza aliyenyongwa mwaka 1962 ni hivyohivyo, familia na watetezi walipigana miaka 40, mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikasema DNA inathibitisha hatia yake, ingawa utetezi ulidai vielelezo viligusana huko vilikohifadhiwa. Kumbe kukana mara 1,000 hakupimi chochote, kama ambavyo kukiri mara moja hakupimi chochote kikiwa peke yake.

DNA nayo watu wanaitaja kama vile inamaliza mjadala, ila cha kuuliza ni ilikutwa wapi na ilifikaje pale. Mbegu za kiume kwenye mwili wa mtu aliyebakwa na kuuawa zinaongea na tukio lenyewe, lakini DNA ya jirani kwenye kikombe cha nyumba ambayo huwa anaingia kila wiki haisemi kitu. Na ikikutwa DNA ya mtu mwingine usikimbilie kutangaza jina la muuaji mpya, maana unaweza kumfanyia huyo kilekile unacholalamika kafanyiwa wa kwanza. Kuonyesha kwamba hukumu ni mbovu hakukudai uwe umempata aliyeua.

Hapo ndipo sheria inawachanganya wengi. Kwenye kesi ya kwanza mzigo wote uko kwa upande wa mashtaka, wathibitishe pasipo kuacha shaka yenye msingi, mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha chochote. Akishatiwa hatiani mambo yanageuka, sasa yeye ndiye anatakiwa alete kitu kipya chenye uzito, akiwa jela, hana hela, mashahidi wamekufa, faili limefungwa. Japani mwaka 1975 Mahakama Kuu Kabisa ilisema hata kwenye maombi ya kurudiwa kesi shaka imnufaishe mfungwa, na baada ya hapo wafungwa 4 waliokuwa wanasubiri kunyongwa wakaachiwa huru miaka ya 1980, Hakamata ni wa 5. Na mahakama inapofuta hukumu mara nyingi haisemi "huyu hakuua", inasema hukumu haiwezi kusimama, wewe msomaji ukitaka kwenda mbele ya hapo ni lazima urudi kwenye vielelezo kimoja kimoja.

Kwa hiyo kama kuna kesi ya ndugu yako au unayoifuatilia kwa moyo, kabla ya kukusanya sahihi na kuandaa maandamano, ulizia vitu viwili mapema sana. Kwanza vielelezo viko wapi na vimetunzwaje, nani aliviandikia kumbukumbu kila vilipohama mkono, maana Bloodsworth alitoka na Coleman akathibitika kwa sababu tu sampuli hazikutupwa, na barua ya wakili kuomba visiharibiwe inaweza kuandikwa leo hata kama hamna hela ya kupima. Pili ni nini ambacho polisi na waendesha mashtaka wanacho na hawajakitoa. Kwa Hakamata zile picha za rangi zilikaa kwa waendesha mashtaka miongo kadhaa ndipo zikatolewa pamoja na mamia ya vielelezo vingine, kwa sababu sheria ya kule haikuwa na kifungu cha kuwalazimisha kuvitoa mtu anapoomba kesi irudiwe. Ombi la nyaraka liwe kwa maandishi, litaje kielelezo kwa kielelezo, picha, kanda za mahojiano, majibu ya maabara yote hata yasiyotumika mahakamani, na nakala yake ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa.