Kimeo, tonsesi na utumbo: kinga ya mwili iliyo kwenye utando wa ndani

Ndugu zangu wa Dar, tuongee kuhusu kukata kimeo, maana bado tunapokea watoto wanaovuja damu kooni kisa walikohoa wiki mbili na mtu akasema kimeo kimekuwa kirefu. Kimeo hakileti kikohozi! Kikohozi cha mtoto mara nyingi ni mafua, au pumu, au nimonia, wakati mwingine TB, na kile kiwembe kinachopita kwa mtoto huyu na yule kinaweza kumpa pepopunda au virusi vya ukimwi huku ugonjwa uliomfanya akohoe uko palepale.

Sasa mwambie mtoto afungue mdomo, pembeni ya hicho kimeo kulia na kushoto utaona vinundu viwili vya nyama. Hizo ndo tonsesi. Nyuma ya pua kwa juu kuna nyingine huzioni, watu wanaziita nyama za pua, na kwenye shina la ulimi zipo pia, yaani zimezunguka koo lote pale linapoanzia, kwa sababu chakula chote na hewa yote, na vumbi la barabarani na chafya ya jirani kwenye daladala, vinapita hapo. Ndani zimejaa chembe nyeupe za damu zinazojifunza vijidudu. Utotoni zinakuwa kubwa maana ndo umri wa kukutana na vijidudu vingi mara ya kwanza, baadaye zinasinyaa zenyewe. Kwa hiyo tonsesi kubwa peke yake sio ugonjwa. Tunafikiria kuzitoa, tena hospitali na kwa dawa ya usingizi, kama zimemuuma mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mtoto anakoroma mpaka pumzi inakatika usingizini.

Ila sehemu kubwa ya kinga hii iko tumboni, na hapa wengi wanashangaa. Mwaka 1677 daktari wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, alieleza mabaka ya tezi yaliyo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, mengi yako kule mwishoni, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Juu ya hayo mabaka kuna seli maalumu zinazochota kidogo kile kinachopita, kama mama anavyoonja mchuzi kabla ya kupakua, zinazipa chembe za kinga zilizo chini yake, na zikikuta ni kijidudu kibaya mwili unaanza kutengeneza kingamwili inayoitwa IgA. Hiyo mwili unatengeneza gramu kadhaa kila siku, kuliko kingamwili nyingine zote, na kazi yake ni kukamata kijidudu kisiweze kunata ukutani.

Mama anayenyonyesha, chembe zilizofundishwa kwenye utumbo wake zinasafiri mpaka kwenye matiti, zinamwaga IgA kwenye maziwa. Kwa hiyo vijidudu vya nyumba yenu hapo Manzese au Mbagala, mtoto anapata kinga yake kwenye ziwa la mama yake, na hakuna kopo la maziwa la dukani linaloweza hilo. Ndo maana pia chanjo ya rota, ile ya kuzuia kuhara, ambayo Tanzania inaitoa tangu 2013, na ile ya polio ya matone zinatolewa mdomoni, tunataka utumbo wenyewe ujifunze. Usikose zile tarehe za kwenye kadi ya kliniki.

Tatizo, bakteria wa taifodi wamejua njia. Wanaingia kupitia hizohizo seli zinazoonja, wanajificha ndani ya chembe za kinga, wanaenda kwenye damu. Mabaka yale yanavimba, yanachubuka, na mgonjwa asiyetibiwa vizuri, mara nyingi kwenye wiki ya tatu, utumbo unaweza kutoboka. Kwa hiyo jamani, homa imepita siku tatu usiende duka la dawa kununua vidonge vya siku mbili, nenda hospitali upime, na kama wanaweza kuotesha damu maabara, yaani kuiweka waone kama bakteria wanaota humo, waambie waoteshe kabla hujaanza antibayotiki, maana kile kipimo cha haraka cha taifodi kinachoitwa Widal kinadanganya sana. Na mtu mwenye taifodi tumbo likimuuma ghafla na kuwa gumu, huyo ni wa upasuaji, mkimbizeni usiku huohuo.