Kulipa nusu yako ya kodi hakukutoi kwenye deni la mwenzako

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu kwamba ukishalipa nusu yako ya kodi basi mwenye nyumba hana lolote kwako, hata kama unayeishi naye hajalipa miezi, si kweli kwa wengi wetu jamani na inaponza watu. Kama mlisaini mkataba mmoja, kwa kawaida mnabeba kodi yote pamoja, mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yenu pesa nzima, halafu wewe ndo umfuate mwenzio akurudishie.

Soma mkataba wako. Ukikuta majina yenu wote, kiasi kimoja cha kodi na maneno kama "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", ndo hiyo. Kinachochanganya ni kwamba wapo waliosaini kila mtu na chumba chake, hao deni la mwenzao haliwahusu. Na ile nusu kwa nusu ni makubaliano yenu wawili tu, mwenye nyumba hayumo. Kumbadilishia mwenzako kitasa cha mlango nako hakusaidii, naye ni mpangaji kama wewe. Mwandikie mwenye nyumba mapema, tunza risiti, na hiyo meseji tafadhali usiiforwadi tena.